Kangemi, Kangeme, Kangema

Nilikuwa nikitunza data katika shirika dogo la Kilimani lililotuma wauguzi kuwatembelea kina mama waliotoka kujifungua. Siku moja mkuu wetu, mwanamke wa familia ya Kisikh aliyekulia hapa Nairobi, aliamua kumhamisha muuguzi wa mtaa wa Kangemi.

"Huko mama ni wachache mno," aliniambia, akinionyesha ramani kwenye kompyuta.

"Si wachache, madam. Majina ya mitaa yameandikwa ovyo. Kuna Kangeme, kuna Kagemi, na kompyuta inadhani kila moja ni mtaa tofauti. Nipe muda niyasafishe."

"Hadi Ijumaa."

Nikaandika programu ya kulinganisha majina. Ilihesabu ni herufi ngapi zingebadilishwa ili jina moja liwe lingine, kisha ikayaunganisha yaliyokaribiana. Kangemi ikavimba kwenye ramani. Nilifurahi, mpaka nilipoona imemeza na Kangema, mji ulioko kule Murang'a. Tofauti ni herufi moja tu. Kuwaacha wale mama humo kungenisaidia kumshawishi mkuu, lakini sikutaka ushindi wa namna hiyo. Nikaanza kumpigia simu kila aliyeandikwa Kangema.

Wa kwanza alikuwa Murang'a kweli. Alijifungulia Nairobi kwa dadake, akarudi kwao. Nikamtoa. Waliofuata pia nikawatoa. Kisha akapokea msichana mwenye sauti ya uchovu.

"Kangema? Hapana, mimi niko Kangemi, hapa nyuma ya soko. Nimemngoja sista wenu tangu nitoke hospitali. Mtoto amekuwa manjano, na hata kunyonya hataki."

Nilimwambia asikate simu. Kwa simu ya mezani nikampata muuguzi wetu, ambaye bado alikuwa Kangemi, nikamwelekeza. Alimkuta mtoto amelegea, hata kulia hawezi, akawapeleka hospitali papo hapo. Mtoto akawekwa chini ya taa za kutibu umanjano. Siku kadhaa baadaye alirudi nyumbani, ananyonya vizuri.

Ijumaa nilimpelekea mkuu ramani mpya, nikamweleza pia habari za yule mtoto. Hata bila mama wa Kangema, Kangemi ilibaki imejaa.

"Muuguzi abaki," alisema. "Na mtaa wa jirani, Kawangware?"

"Imeandikwa vibaya kuliko Kangemi."

"Basi anza nayo leo."

Nikarudi mezani kwangu, nikaifungua orodha ya Kawangware.