Korali Yangu Ilipojifunza Kunyamaza

Nilianguka kwenye pikipiki barabara ya Makobola, kichwa kikatangulia. Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini kurudi nyumbani, mtaa wa Kimanga, muuguzi alimketisha mume wangu akamweleza taratibu.

“Papa, kichwa yake itakuwa inachoka mbio. Atasahau majina, atalia bure, atakasirika. Haiko wazimu. Muache apumuzike, makelele hapana. Akianza kutapika ao akikataa kuamuka, mumurudishe hapa palepale.”

Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo katika korali, kwaya yetu ya kanisani. Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kwamba nyimbo zangu zimebaki kule barabarani. Nilizitafuta kichwani, nikapata mistari ya kwanza tu.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, ni aibu. Kwa hiyo korali nzima ilikuja na ngoma zake, ikajaa chumbani. Kila mmoja aliniinamia: “Unanijua? Miye ni nani?” Mtihani juu ya mtihani, na mimi tangu shuleni mitihani hunishinda. Kisha wakapiga ngoma. Niliziba masikio, nikawafukuza kwa matusi. Wakatoka wakinong'ona kwamba nimerukwa na akili.

Mume wangu, mtu asiyeweza kufukuza hata kuku, aliweka kiti mlangoni akakikalia. Wakasema ana roho mbaya, ananificha. Yeye alirudia maneno ya muuguzi kwa kila aliyefika, mpaka na mimi nikayakariri kitandani. Nilimpenda mno wakati ule, ingawa uji wake ulijaa mabonge.

Polepole wakaanza kuja wawili wawili, bila ngoma. Walikaa uani wakichambua sombe, majani ya muhogo, kimya. Korali yangu kimya! Hata mahubiri hayajawahi kuwanyamazisha.

Asubuhi moja nilitoka, nikakaa kati yao, nikaanza wimbo. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ukagoma. Nilibaki mdomo wazi, machozi yakinilenga. Wote waliujua mstari ule. Msichana mmoja wa sauti ya pili alitaka kunisaidia, mama aliyekaa karibu naye akamshika mkono.

“Weye, muache. Iko inakuja.”

Wakangoja, majani mikononi.

Ukaja. Niliuimba kwa sauti iliyokwaruza, nao wakaitikia chinichini, wasiniumize. Mume wangu akainua kiti chake pale mlangoni, akaja kukaa nasi.