Siku Niliyomfukuza Mke wa Babu

Najua wengine mmeshalisikia hili kwa watu wa darasa langu, na najua wanavyolisimulia huku wameshika mbavu, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi niliyeaibika, maana wao walitazama tu, wakapanda basi na vicheko vyao, mimi nikabaki na aibu yangu.

Mnajua nasoma jiolojia. Mwaka wa tatu huwa tunapelekwa mafunzo ya vitendo, na sisi tukapangiwa bonde la Kilombero, tulale Ifakara, mchana tuzunguke kugonga mawe chini ya milima ya Udzungwa. Niliposikia hivyo nilifurahi kupita kiasi, kwanza kwa sababu kwetu ni Idete, pili kwa sababu (hili sijawahi kumwambia mtu) miaka yote pale chuoni sikuwa na rafiki. Si kwamba walinichukia, walinisahau tu, yaani makundi yakipangwa mimi ndiye nabaki mwishoni, mtu anauliza, na huyu tumweke wapi? Nikasema safari hii wanaenda kwetu, lazima wanijue.

Sasa niwaambie utani wa nyumbani. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, hilo hata kwenu lipo, ila kwetu lilizidi. Babu alinihesabu mimi mke mkubwa, bibi mke mdogo, na kila nikirudi kutoka shule ya bweni nilisimama barabarani nikapaza sauti kwamba mwenye nyumba nimefika, anayelala kitandani kwangu afungashe atoke. Na bibi alitoka kweli, mkeka kichwani, amejipaka mate machoni yawe machozi, anaomba aachwe japo wali uive, na babu pembeni anasema jamani msigombane, nawatosha wote. Majirani walishatuzoea. Bibi alipofariki mwaka juzi utani haukuisha, nikipiga simu babu ananiambia, "Nimebaki na wewe tu, mke wangu," nami namjibu aweke nyumba safi, nakuja. Halafu masomo yakanibana, sikwenda.

Basi siku hiyo tumeshagonga mawe tumechoka, jua kali, Dokta wetu (mhadhiri, mtu mpole sana) anauliza tutapata wapi kivuli tule mikate yetu. Mimi ambaye darasani sinyooshi mkono, nikanyoosha. Nikasema kwetu ni hapo chini tu, twendeni. Namba ya babu ninayo, simu iko mfukoni, ningepiga, mkasa wote usingekuwepo. Sikupiga kwa sababu nilitaka kumshtukiza.

Tunafika, darasa zima nyuma yangu, mimi mbele na kofia ngumu kichwani na nyundo mkononi. Uani kuna mama wa makamo anapepeta mchele. Nikajua ni kibarua, au jirani kaja kumsaidia mzee. Nikawageukia wenzangu nikawaambia tazameni tunavyosalimiana kwetu, kisha nikapaza sauti, "Wewe mama, mwenye mume nimefika. Fungasha utoke."

Akanitazama, akaitazama nyundo, akauliza polepole mume yupi. Nikamwambia mzee wa humu ndani, mimi ndiye mke wake mkubwa, kama haamini aulize kijiji kizima. Na jirani yetu, ambaye utani wetu anaujua tangu nikiwa mdogo, akadakia kutoka ng'ambo ya uzio huku anacheka kwamba ni kweli, huyo ndiye mwenyewe, leo utanyang'anywa.

Yule mama akaweka ungo chini, akaingia ndani. Wenzangu wakapiga makofi. Jamani, walinipigia makofi mimi, wengine wameshatoa simu wanarekodi, na sikumbuki lini nilijisikia vizuri namna ile. Akatoka na begi kichwani na sufuria mkononi, nami badala ya kushtuka nikafurahi, nikajua babu kamfundisha mchezo wa bibi. Nikamwambia sufuria zangu aache. Akaiweka chini taratibu, na alipoinuka ndipo nikaona machozi, na hayakuwa mate.

"Aliniambia hana mtu," akasema. "Tukafunga ndoa kanisani. Mimi sikuja kuiba mume wa mtu."

Akapita katikati ya wanafunzi, akaenda kusimama barabarani asubiri gari la Ifakara, arudi kwao Malinyi.

Dokta akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole huyo mume wangu ana umri gani na kama wazazi wanajua. Nikamwambia ni babu yangu. Akauliza, ni babu yako au ni mume wako? Na mdomo wangu huu, sijui nani aliutuma, ukajibu vyote viwili.

Ndipo babu akatokea na baiskeli anatoka shambani. Nilimkimbilia kama zamani, kwa sababu nilijua atasema neno moja la utani na watu wote watacheka, na yule mama naye atacheka. Akamwona yule mama kasimama na begi, akaniona mimi na nyundo yangu, akaelewa, mzee wa watu alielewa upesi sana. Aliegemeza baiskeli, akanipita, akaenda kumtua begi.

"Rudi ndani, mama. Huyu ni mjukuu wangu tu, mtoto wa Fransisi."

Maisha yangu yote babu hakuwahi kuniita mjukuu. Hata siku ya mazishi alinishika bega akaniambia mke wangu, mwenzio katutoka. Ningetamani anitukane mbele ya darasa lote, ingeniuma kidogo kuliko lile neno.

Nikapiga magoti hapo hapo kwenye vumbi, nikamwambia yule mama, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba, akaniinua, akasema picha yangu iko ukutani na anaipangusa mwenyewe, ila na ile kofia hakunitambua. Mama mzuri, sina la kumsema. Alitupa maji, akatukaangia na kambale waliokuwa wa chakula chao cha usiku. Walioana baada ya Pasaka. Baba yangu alijua, shangazi walijua, jirani naye ndiyo usiseme, ila waliona nisiambiwe hadi nimalize mitihani kwa sababu nilimpenda sana bibi. Kwa hiyo aliyekuwa mgeni pale uani nilikuwa mimi.

Babu alinisindikiza hadi kwenye basi. Nikamsubiri. Nilimpa nafasi kabisa, nikasimama mlangoni nikajifanya nafunga kamba za buti. Akanipa mkono kama anavyompa mwalimu, akasema soma kwa bidii, msalimie baba yako. Nilikaa dirishani na mfuko wangu wa mawe mapajani, na basi zima hadi Ifakara likawa linaniita Mke Mkubwa. Walinijua sasa, si ndicho nilichotaka?

Nimeapa sitafika tena nyumbani kwa mtu bila kupiga simu, hata kama nilizaliwa humo, na fundisho lenyewe ndilo hilo, mkitaka lichukueni. Simu napiga kila Jumapili. Nasema shikamoo babu, anaitikia marahaba. Namsikia anavyohema, najua anatafuta la kusema, na mimi natafuta, mwisho ananiambia mpunga mwaka huu umekubali, nami namwambia tunamshukuru Mungu.