Mafuta ya Cherehani

Juzi, kwenye meza ya mchuuzi mmoja Marshalltown, niliona bastola ya upepo kama ile ya Mama, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikanirudia puani.

Mama alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Diepsloot. Bastola yake ya bei rahisi, ya kupigia panya, ilikuwa imelegea, kigololi kikitoka kinaangukia miguuni. Mchana mmoja vijana walipita wakipiga kelele, "Hambani!", yaani nendeni zenu, sisi wageni wa nchi nyingine tufunge maduka tuondoke. Majirani wakafunga. Mama akaifungua bastola juu ya meza ya kukatia, akachonga washa mpya, kile kipete cha kuzibia upepo, kutoka kwenye ngozi ya kiatu, kisha akaminyia ndani mafuta ya cherehani, mengi, kama alivyozoea kuinywesha mashine yake.

"Mama, na siye tufunge," nilisema.

"Nani atanifungia mlango wangu? Hatuendi fasi yoyote."

Vijana waliporudi, alisimama mlangoni akalenga kopo tupu uani. Paa! Moshi wa bluu ukafuka, nao wakatimua mbio. Niliamini mafuta yameigeuza kuwa bunduki ya kweli.

Leo najua kwamba mafuta yale yaliwaka ndani kwa joto la upepo uliogandamizwa, yakaunguza washa. Mama alijua jioni ile ile kwamba bastola imekufa, alipoijaribu tena ikakohoa tu. Asubuhi aliilaza karibu na mkasi, mzoga mtupu, akaufungua mlango wote, akaketi kushona.