Marehemu Kuliko Wote

Nazikumbuka kwa hamu siku za mitumba ya kwanza, tulipoiita kafa Ulaya, tukiamini ni nguo za Wazungu waliokufa. Nilikuwa nimechoka kuvua samaki kisiwani Rukuba, nikajisifu kwa Mama Nyamisi kwamba Kiingereza nakijua, akanipa kazi ya kunadi nguo zake mnadani Kiabakari.

"Mwanangu, hii gauni imeandikwaje?" aliuliza mteja mmoja.

Kikaratasi kilisema LATEST. Late ni marehemu, nilikuwa nimeiona kwenye misalaba ya makaburini Makoko. Na est, darasani, ilikuwa "kuliko wote". Nikapaza sauti: "Gauni la marehemu kuliko marehemu wote!"

Wanawake wakatupa nguo, wakaondoka wakijifuta mikono. Mama Nyamisi akashika kichwa. Mwalimu wangu wa zamani, aliyekuwa akichagua shati, akasoma kikaratasi.

"Ni mtindo mpya kabisa, wewe! Nusu ya somo ulisikia, nusu ulikuwaga ziwani."