Shangazi Sakina na Mama Mariamu Wakitwanga

Juzi wake za wanangu walikuwa wakitwanga mpunga bila kusemeshana, nikakumbuka utoto wangu kijijini Wamaza. Mama yangu Mariamu alikuwa amekosana na wifi yake, shangazi Sakina, na shangazi alikuwa amekwisha kuchukua kwa chifu ruhusa ya kurudi Kasongo. Mimi, mutoto, nilifurahia ule ukimya, nikadhani ndio utulivu.

Jioni moja mama alitwanga peke yake. Shangazi akaja, akatia mchi wake katika kinu kilekile.

“Unatwanga kama mugonjwa.”

“Na wewe unaondoka bila kula, kama mwizi.”

Michi ikapokezana, na matusi pia. Harufu ya pumba ikajaa uani. Nikaanza kulia, nikidhani ugomvi umezidi.

Shangazi akanifuta machozi kwa ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni. “Unalia nini, Asha? Siendi tena.”