Bushi Zilifungwa Tukiwa Ndani

Sisi tuliokulia landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru hatukuwa na haraka ya kukua. Vumbi lilitutosha. Wasichana walicheza bladaa ya kuruka mpira, wavulana bano, yaani gololi, na jioni wote tulisukuma taya nzee za gari kwa fimbo mpaka mama zetu waite kwa sauti ambayo leo jirani angeishtaki. Shuleni tulienda na viazi vitamu vya moto mfukoni, vinakupasha paja asubuhi yenye baridi halafu saa nne unavila. Mimi shule yenyewe haikunipenda sana, niliishia darasa la nane, kwa hivyo mtanisamehe nikipanga maneno vibaya. Labda pia naongeza chumvi hapa na pale. Lakini hili la gari nimemuuliza dadangu Rodah, na yeye analikumbuka hivyo hivyo.

Baba alikuwa na gari la 504 stesheni wagoni, rangi ya chai ya maziwa. Kila Desemba lilitubeba kwenda ushago, kijijini kwetu magharibi, sisi pamoja na unga, sukari, blanketi ya nyanya yetu, na mwaka mmoja mlango mzima juu ya keria. Tulipanda mlima wa Sachangwan polepole, ukungu unaingia dirishani na harufu ya kabichi na moshi wa malori, na mama anatugawia chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Barabara ilikuwa mashimo yaliyoshikanishwa na lami kidogo. Ndiyo maana kabla ya kila safari gari lilienda kwa Fundi Mwaura, njia ya kwenda Bahati, kubadilishwa bushi.

Bushi, kwa asiyejua, ni ile mipira inayokaa kwenye viungo vya chini ya gari. Wakati huo, fundi akizikaza gari likiwa tupu, siku likibeba watu mpira unajipinda na kuchanika mapema. Lazima ukaze gari likiwa na mzigo wake. Wengine walipakia magunia ya mchanga. Baba alikataa.

"Mchanga hausafiri na mimi Krismasi," alimwambia Mwaura. "Nitakuletea wasafiri wenyewe."

Basi tulienda wote, tumevaa kama watu wa kanisani. Baba kwa usukani, mama kando yake amempakata Elphas, kitinda mimba wetu, na mimi na Rodah nyuma, kila mtu mahali pake. Mwaura alikuwa kwenye shimo chini yetu. Tulisikia spana ikigonga kupitia kwa kiti, tukisikia harufu ya grisi na ya viti vilivyopigwa na jua, na hakuna kushuka mpaka amalize.

"Mama Rodah, acha kuegemea mlango," Mwaura aliita kutoka chini. "Unanidanganya."

"Sijaegemea. Ni huyu Elphas, anakula kama askari."

"Basi na yeye nimemfunga hapo. Akikonda mnirudishie gari."

Rodah akacheka mpaka baba akamwambia atulie, ati akitikisika bushi zitatikisika mwaka mzima. Nilikuwa nadhani magari yote duniani hufungwa hivyo, watu wakiwa ndani. Nilidhani ndiyo sababu gari huwa la watu fulani na si la wengine.

Vijana wa leo wanashusha gari mpaka linalamba lami, limelala kama chura aliyekanyagwa. Likifika kwa bampu abiria wanashuka, wanavuka kwa miguu, halafu wanapanda tena wakipiga picha. Ati hiyo ni raha. Lakini nisiwaonee, sisi nasi tulikuwa tunashangilia gari likipasuka taya, kwa sababu tungeshuka tucheze.

Baba alipofariki, 504 lilisimama nyuma ya nyumba aliyokuwa amejenga Bahati, chini ya mabati, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Elphas ndiye aliyelifufua. Haki yake nimpe, bila yeye leo lingekuwa sufuria jikoni kwa mtu. Alipiga rangi, akafufua injini, akaingia kwenye kikundi cha watu wenye magari ya zamani wanaotembea Jumapili wakilinganisha bodi. Huko ndiko alikoambiwa chini ya gari pako nyuma ya wakati. Akaagiza springi mpya, shokomzoba za gesi, na bushi ngumu za siku hizi zinazofanana na plastiki.

Mama hakumkataza. Aliomba kitu kimoja tu.

"Siku ya kukaza bushi mtuite. Tukae ndani kama zamani. Mahali pa baba utakaa wewe. Rodah nitamwita mimi."

Sote tulijua anachotaka. Rodah na Elphas walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya baba, kwa maneno yaliyotupwa siku ile ambayo sitayarudia, maana kila mmoja alikuwa na ukweli nusu. Mama alikuwa amejaribu pasta, akajaribu wajomba, ikashindikana. Alifikiri wakiwekwa kwenye gari moja bila ruhusa ya kushuka, kitu kitaongeleka.

"Sawa, mama," Elphas alijibu. "Nitawaita."

Jumamosi hiyo Rodah alitoka Kabazi alikoolewa, amewaachia majirani ng'ombe wake. Mama alikuwa amefunga kile kitambaa chake cha harusi za watu, ameketi barazani na simu mapajani kama yai, akingoja tuitwe gereji. Simu haikulia. Tulisikia honi langoni, na hapo gari lenyewe likaingia linang'aa, limesimama imara kuliko nilivyowahi kuliona.

"Limeshafungwa?" mama akauliza.

"Tangu jana, mama. Hizi bushi mpya hazitaki uzito wa mtu. Unakaza likiwa hewani, imeisha. Hata ungeweka watu kumi ni kazi bure."

Rodah akanigeukia mimi. "Kwani niliacha ng'ombe nije kuangalia taya?"

"Mwambie hakuna aliyemlazimisha," Elphas naye akaniambia mimi.

"Huyu si simu yenu," mama akasema. "Ongeeni wenyewe kwa wenyewe."

Elphas akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi, Rodah akageukia lango. Baadaye niliuliza fundi mwingine, mtu ambaye hamjui Elphas, akasema Elphas yuko sawa, bushi za aina hiyo hazihitaji kitu. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa amedanganya ningejua pa kuweka hasira yangu. Na siku zile kwa Mwaura yeye alikuwa wa kupakatwa, huenda hakumbuki chochote. Labda kwake bushi ni bushi. Labda hata kwa baba zilikuwa hivyo, na ni mimi ninayeongeza.

"Nizungusheni basi," mama akasema. "Mpaka barabara kubwa turudi."

Elphas alimshika mkono vizuri, akamketisha mbele. Mimi nikaingia nyuma. Rodah alisimama ameshika mlango wa upande wake, akaangalia ndani kwa muda, halafu akaufunga taratibu, yeye akiwa nje.

Gari la baba lilikuwa na tabia ya kuinama. Kila aliyeingia, lilishuka kidogo upande wake, na baba alimjua mtu kwa mshuko huo, hageuki. "Rodah bado," angesema, mkono kwenye gia, na ukiangalia kweli Rodah yuko mlangoni anatafuta kiatu. Hatukuwahi kuondoka na pengo. Sasa springi ni ngumu. Mama ameingia, mimi nimeingia, na gari halikuonyesha habari ya mtu yeyote. Elphas alisikia mlango umefungwa, naye hakugeuka, akatia gia.

Shingo ya mama haigeuki siku hizi. "Tuko wote?" akauliza, akitazama mbele.

"Wote, mama," Elphas akajibu.

Mama akaweka mikono yake mapajani, akatabasamu njia nzima. Lami ya Bahati imekuwa laini, na gari lilikwenda sawasawa, kimya, wala sikuona mahali pa kuanzia kusema kwamba Rodah tumemwacha.