Mpishi Asiyejua Kukaanga Yai

Sajini alikuwa mtu wa mipango. Siku aliyoamua kusomea digrii ya teknolojia ya habari, mvi zikiwa zimeshamzingira kichwa chote, aliwaita mkewe na watoto sebuleni, akabandika karatasi ukutani, akasimama kando yake ameshika fimbo ya pazia. Lengo, alisema, ni digrii. Adui ni muda. Silaha ni mbili: vyeti vya kitaalamu na uzoefu wa jeshini. Mkewe, mkunga aliyekuwa ametoka zamu na miguu imemvimba, aliuliza kama askari wa kike wanaruhusiwa kukaa. Watoto wakacheka. Sajini aliendelea na hatua ya pili.

Alikuwa na haki ya kutocheka. Hospitali alikokuwa akifanya kazi ilikuwa imepata mkurugenzi mpya, na mkurugenzi mpya ni kama fagio jipya, lazima lionekane linafagia. Agizo lake lilikuwa hili: fundi yeyote wa kitengo cha kompyuta awe na digrii ndani ya miaka miwili, asiye nayo ampishe mwenzake. Sasa, nyaya za mtandao za hospitali ile alizipitisha Sajini kwa mikono yake, wodi hadi wodi, darini kwenye vumbi na mavi ya popo. Maabara ikigoma kutuma majibu wodini, huitwa yeye. Daktari akisahau nywila, huitwa yeye, na daktari mwenyewe huja juu kana kwamba Sajini ndiye aliyemsahaulisha. Lakini digrii hakuwa nayo, na digrii huchukua miaka minne. Minne haiingii ndani ya miwili hata ukiisukuma kwa goti.

Kazi ile ndiyo iliyowaweka watoto shuleni. Kwa umri wake, akitoka pale, nani angemwajiri? Vijana wamejaa kila mtaa na wanajua kuandika programu huku wanatafuna.

Hata hivyo palikuwa na mlango. Chuo kikuu cha mjini kilikuwa na utaratibu wa kupima ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, na ukitosha, husamehewa baadhi ya masomo. Mshauri wa masomo, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimpokea vizuri. Akavipitia vyeti vyake vitatu vya kitaalamu, vya mitandao na usalama wa kompyuta, ambavyo Sajini alivifanyia mitihani baada ya kutoka jeshini, akijisomea mezani jikoni huku wenzake wanatazama mpira.

"Hivi vizuri sana, mzee wangu," alisema mshauri. "Ila hiki cha kwanza kinaisha mwaka huu."

"Najua."

Vyeti vya namna ile ni kama maziwa, vina tarehe ya kuharibika. Kikishapita muda wake, urudie mtihani.

"Basi tusichelewe. Hivi vitakuondolea karibu mwaka mmoja. Mwaka wa pili utasamehewa kwa uzoefu wa jeshini, kama unahusiana na kompyuta. Ulikuwa kitengo gani?"

Sajini alitazama dirishani. Nje palikuwa na mtu anamwagilia majani.

"Jikoni," alisema.

Mshauri alivua miwani. Akaivaa tena. Lakini karatasi za jeshi zilikuwa mbele yake na hazikuwa na ubishi: mpishi, tangu alipoingia hadi alipotoka, tabia njema sana.

Hapa inabidi nikwambie jambo ambalo Sajini hawezi kukwambia. Yeye alikula kiapo, mimi sikula. Usiniulize nimejuaje, siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kambi yake palikuwa na jengo la jiko, na nyuma ya ghala la mchele palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na mitambo. Humo ndimo Sajini na wenzake walimoendesha mawasiliano ya siri ya jeshi zima, seva, ruta, simu za maofisa, vyote. Ili asijue mtu, waliandikishwa wote kuwa wapishi. Waliingia kazini wamevaa aproni. Mshahara walilipwa wa wapishi. Hata walipopandishwa vyeo, walipandishwa kama wapishi, na kwenye sherehe kamanda akawasifu kwa supu. Wapishi wenyewe wa kweli, waliokuwa wakitoa jasho upande wa pili wa ukuta, waliwachukia kwa moyo wote, kwa sababu hawakuwahi kuwaona wakimenya hata kitunguu.

Na kiapo kile hakikuwa na mwisho. Hakikusema mpaka ustaafu, hakikusema isipokuwa mkeo. Kilisema mpaka kaburini.

Mkewe basi aliolewa na mpishi. Mwezi wa kwanza wa ndoa alijilaza kitandani na mafua, akamwomba mumewe amkaangie yai. Yai lililokuja lilikuwa limeungua chini na bichi juu, na ganda limo. Alilitazama, akamtazama mumewe, akala. Tangu siku hiyo alijua kuna jambo, na kila mara ukoo ulipokuwa na harusi na shemeji zake wakataka Sajini asimamie masufuria, yeye ndiye aliyejibu haraka kwamba mgongo unamsumbua. Alimfichia siri asiyoijua. Sijui kama kuna mapenzi makubwa kuliko hayo, ila najua yanachosha. Wakati anajifungua mtoto wa pili, mumewe aliitwa kambini akakaa huko wiki nzima. Aliporudi akasema palikuwa na wageni wengi wa kulisha. Mkunga alizalishwa na mkunga mwenzake, akameza na hilo.

Sajini alitoka chuoni akaenda moja kwa moja kwa Meja. Huyu alikuwa mkuu wake nyuma ya ule mlango, na sasa alikuwa amestaafu, anafuga kuku pembeni ya mji. Alimkuta amechuchumaa bandani anasafisha vyombo vya maji.

"Afande, nahitaji neno lako tu," alisema Sajini akiwa wima. "Barua ya mistari miwili. Kwamba nilifanya kazi ya mitambo. Si lazima useme mitambo gani."

Meja hakuinua kichwa. Alisugua chombo kile mpaka ungedhani atakitoboa.

"Nakumbuka supu yako, Sajini," alisema mwishowe. "Ilikuwa supu nzuri."

"Afande, nitapoteza kazi."

"Chumvi ulikuwa unaipatia kweli."

Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi la pumba. Alimshika Sajini bega, akalibinya kidogo, akampa trei ya mayai. Sajini aliyapokea. Angefanya nini? Amlaumu? Angekuwa yeye ndiye Meja, naye angeisifu supu hiyo hiyo. Ndilo lililomuuma njia nzima, kwamba hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Alifika nyumbani, akayaweka mayai mezani, akakaa.

Mshauri wa masomo hakukata tamaa. Alimpigia simu akamwambia amezungumza na jopo la kupima ujuzi, na kwamba jopo linaweza kuamua hata bila barua. Mtu akijieleza mbele yao wakaridhika kwamba kazi aliifanya, inatosha. Mlango utafungwa, hakitaandikwa kitu ila matokeo, na anaruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kumtia moyo.

"Ila nisikufiche," aliongeza, na sauti yake ikawa ya aibu. "Kwa karatasi hizi, chuo chetu kiko tayari kukusamehe miaka miwili kesho asubuhi. Lakini ni kwenye digrii ya mapishi na hoteli."

Mkewe aliposikia, alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikakatika na uso ukabadilika.

"Nitakuja mimi," alisema.

"Si lazima. Una zamu."

"Nimebadilishana." Akakaa karibu naye. "Sikiliza, baba watoto. Sijawahi kukuuliza. Nilikuona unarudi na harufu ya waya ulioungua, sikuuliza. Mimi kazini kwangu nina neno moja nawaambia wanawake wanaoona haya: mficha uchi hazai. Waambie wale watu. Sema tu, ili kazi isitupotee. Na mimi nitakaa nyuma nisikie, basi."

Sajini alisema sawa. Na alimaanisha, mtu asije akasema hakumaanisha. Siku zilizofuata alijizoeza bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Nilikuwa fundi wa mawasiliano. Neno lilitoka vizuri, likaenda na maji.

Chumba cha jopo kilikuwa na meza ndefu, feni inayolalamika, na watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti alikuwa profesa mwenye upara na macho ya mtu anayelala vizuri. Mshauri alikaa pembeni. Mkunga alikaa nyuma ya mumewe, kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani.

Walianza na vyeti. Wakamuuliza jinsi ya kuugawa mtandao mkubwa kuwa midogo, jinsi ya kujua swichi mbovu bila kuzima jengo zima. Alijibu kama anayehesabu vidole vyake. Mmoja wao akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwaka mmoja ulikuwa umekwisha kupatikana, kila mtu aliona, na Sajini akahisi moyo wake unapanda ngazi.

"Sasa jeshini," alisema mwenyekiti, akasukuma karatasi kando. "Hizi zinasema mpishi. Mimi siamini. Vitu ulivyotueleza mtu hajifunzi kwa vitabu peke yake. Hapa tuko sisi tu, mzee. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Ilikuwa sentensi moja. Sajini alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, tayari, juu ya ulimi. Akaona mkono wake wa kuume umejinyoosha wenyewe kwenye mshono wa suruali, visigino vimekutana chini ya kiti, na sauti ikatoka ambayo hakuiita.

"Nilikuwa mpishi."

Feni ilizunguka. Mwenyekiti hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ulikuwa unapika nini?"

"Maharage."

"Ya watu wangapi?"

"Wengi."

"Gunia moja la maharage linataka maji kiasi gani?"

Sajini alifikiri. Angeweza kuwaambia waya wa shaba wa unene ule unabeba mawimbi umbali gani kabla hayajachoka. Maji ya maharage hakuyajua.

"Ya kutosha," alisema.

Kiti kililia nyuma yake. Mkewe alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, naomba radhi," alisema. "Mimi ni mke wake. Huyu hata yai hajui kukaanga. Tangu anioe. Andikeni hivyo, mimi ndiye shahidi."

Mtu mmoja kwenye jopo alitabasamu, akaliuma tabasamu. Mwenyekiti aliegemea mbele, akamtazama Sajini kwa upole uliokuwa karibu na kuomba.

"Basi sema ndiyo tu, mzee. Nitakuuliza kama ulikuwa fundi wa mawasiliano, na wewe useme ndiyo. Au itikia kwa kichwa."

Sajini hakugeuka, lakini aliyasikia macho ya mkewe kisogoni. Alitaka. Mungu ni shahidi kwamba mtu yule alitaka. Shingo ikakataa. Aliisukuma kwa nguvu zake zote na ikabaki wima, na machozi yakamtoka akiwa amekaa sawasawa kama siku ya gwaride, wala hakuyafuta, kwa kuwa mikono nayo ilikuwa imekataa.

Mwenyekiti alisubiri muda ambao hakulazimika kuusubiri. Kisha akaandika. Mwaka mmoja umesamehewa, mitatu imebaki. Mshauri aliwasindikiza hadi mlangoni.

Walishuka ngazi, wakakata uwanja katikati ya wanafunzi waliolala majanini na kompyuta vifuani. Mkunga alitembea mbele kidogo, mkoba ameubana kwapani. Karibu na lango Sajini alimfikia.

"Nisamehe," alisema.

Mkewe aliendelea kutembea.

"Nikusamehe nini," alisema, "na wewe hujaniambia kitu?"